Kabla umlipe muuza mimea ya tangi la samaki, muulize ilikokua

Nilinunua mimea mitano kwa Sh1,800. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimebaki na mmoja, maji yanayonuka kama mtaro wa nyuma ya soko, na gapi wanne kati ya kumi.

Kama una tangi la samaki kejani, ama unapanga kulinunua mwisho wa mwezi baada ya kuona video tatu za TikTok saa saba usiku, nakuandikia wewe. Sikuambii uache. Tangi lenye mimea hai ni kitu kizuri sana kwa nyumba ndogo. Unatoka kazini, umesukumwa kwa matatu, umegombana na kondakta juu ya chenji, halafu unakaa kitandani unaangalia samaki wakipenya katikati ya majani. Hiyo raha naijua. Ninachotaka ni usilipie masomo niliyolipia mimi.

Acha nianze na siku yenyewe. Duka lilikuwa mjini, ghorofa ya kwanza, limepangwa matangi ukuta hadi ukuta. Ndani ya tangi moja kubwa kulikuwa na mimea ya kila rangi ya kijani, mingine ina mistari myeupe ukingoni, na samaki wanaogelea kati yake. Nikamuuliza kijana wa pale kama yote ni ya majini. Akanijibu, "Mkubwa, si unaiona iko kwa maji? Weka tu, hizi hazisumbui." Nikachagua mitano kwa macho, vile mtu huchagua shati. Nikalipa kwa M-Pesa, nikapanda gari la Roysambu nimeikumbatia kama mtoto.

Mimea miwili kati ya ile mitano ilikuwa drasena. Ndugu ya ule mwanzi wa bahati unaouona kwa kaunta za benki na saluni, umesimama ndani ya chupa yenye maji kidogo. Angalia vizuri hiyo chupa siku nyingine utakayopita. Miguu ya mmea iko majini, kichwa kiko hewani. Si mmea wa majini huo. Ni mmea wa nchi kavu unaovumilia kuloa miguu, na ukiuzamisha mpaka utosini unakufa polepole sana, majani yakianza kulainika kwa chini. Wa tatu ulikuwa ule wenye ua moja jeupe lililojikunja kama kijiko, ambao mama yako pengine anao sebuleni kwa chungu. Nao pia hufurahia mizizi majini, lakini majani yake yanataka hewa.

Kwa hivyo nililipa zaidi ya Sh1,000 kuzamisha mimea ya sebule.

Na haikufa kivyake. Mmea unaooza ndani ya maji ni chakula cha bakteria, na bakteria wakila wanamaliza oksijeni huku amonia ikipanda. Gapi wangu walianza kupanda juu kuhema mdomo wazi. Mimi, mshamba wa wakati huo, nikadhani wana njaa. Nikawaongezea chakula. Chakula kilichobaki nacho kikaoza.

Niliporudi dukani na jani moja lililooza kwenye mkebe, nikaambiwa, "Kiongozi, labda ni maji ya huko kwenu." Halafu nikaonyeshwa chupa ya mbolea ya mimea ya maji, na mimea mingine ya kuziba pengo. Karibu ninunue. Ukweli ni kwamba nilikuwa nishatoa simu mfukoni.

Kuna watu hunitetea muuzaji huyo nikisimulia hii story. Wanasema naye pengine aliletewa hivyo, hajui. Mimi siikubali. Mtu anayeuza mimea ya tangi kila siku ya Mungu amewahi kuona drasena ikioza ndani ya matangi yake mwenyewe. Anajua inadumu wiki kadhaa kabla ya kuanza kuharibika, na wiki hizo ndizo anazouza. Ni kama ile simu pale mjini unayofungua ukifika stage unapata ni kipande cha sabuni, tofauti ikiwa kwamba sabuni unaigundua siku hiyo hiyo. Huu mchezo unachukua miezi miwili, na ukigundua unajilaumu mwenyewe.

Sasa utaujuaje mmea wa majini wa kweli?

Mwombe muuzaji autoe kwenye maji aushike kwa mkono. Mmea uliokulia ndani ya maji hauna haja ya mifupa, maji ndiyo huubeba. Ukiutoa, majani yake mengi hulala chini kama mchicha uliochemshwa. Ule wa nchi kavu husimama wima vilevile ulivyokuwa, mkavu, unang'aa kana kwamba umepakwa nta, na matone ya maji yanateleza juu ya jani badala ya kulilowesha. Shina gumu kama kijiti cha mti, mistari myeupe au ya waridi kwenye majani, hizo nazo ni dalili za kukufanya urudishe mkono mfukoni.

Lakini kipimo hicho hakitoshi peke yake. Kuna mimea halisi ya majini ambayo majani yake ni magumu. Anubiasi ni mmoja, na ndio ule wa kwangu uliopona. Kwa hivyo uliza jina. Jina la mmea, si "ni ya maji" wala "ni ya mapambo". Muuzaji akikupa jina, simama kando ya mlango dakika mbili, litafute kwa simu, tazama picha. Asipokuwa na jina, mshukuru uende. Bando ya Sh20 itakuokolea elfu moja.

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, na sijawahi kusikia mteja mwingine akiliuliza. Huu mmea ulikulia wapi, chini ya maji au juu yake?

Nakueleza kwa nini. Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi duniani ina uwezo wa kuishi maisha mawili. Kwao porini iko kando ya mito, mvua ikinyesha mto unafurika na kuifunika, kiangazi kikija inabaki nje. Wakulima wa mashamba makubwa wanajua hilo, hivyo wanaikuza mizizi ikiwa imeloa na majani yakiwa hewani kwenye unyevunyevu. Inakua haraka, haina mwani, haina konokono. Inasafirishwa, inafika dukani, inatoswa ndani ya tangi, nawe unaikuta pale inapendeza.

Majani hayo yaliumbwa kwa hewa. Ukiyaweka chini ya maji, mmea unayaacha yafe na kuanza kuotesha mengine. Kwa macho yako, ni mmea unaooza. Ule wa nne wangu, kriptokorini, ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote, Sh500. Wiki ya pili majani yote yalikuwa yameyeyuka, kweli yameyeyuka, ukigusa yanabaki kwa kidole kama uji. Nilingoa nikatupa. Nikaja kujifunza baadaye kwamba kriptokorini ni maarufu kwa tabia hiyo hasa, kwamba mizizi yake hubaki hai chini ya changarawe, na kwamba ningesubiri mwezi mmoja ningeona vichipukizi. Huo haukuuliwa na muuzaji. Niliuua mwenyewe kwa kukosa subira, na hata leo ndio unaoniuma zaidi.

Ukinunua mmea wa aina hiyo, toa majani yaliyooza tu, yasichafue maji. Mizizi usiiguse. Usiuhamishe leo kona hii, kesho kona ile, kwa sababu kila ukiuhamisha unaanza kuhesabu upya.

Kuna kosa lingine linalofanana na hilo. Anubiasi na kangaga la Java hazipandwi. Zina shina nene linalolala chini kama tangawizi, mizizi inashuka na majani yanapanda kutoka hapo. Ukilizika shina hilo kwenye changarawe linaoza. Lifunge juu ya jiwe au kipande cha mti kwa uzi wa kushonea, sio kwa nguvu sana, na baada ya miezi kadhaa mizizi yenyewe italikumbatia jiwe. Kangaga la Java likikaa likazoea litakuzalia watoto kwenye majani, vimea vidogo vyenye mizizi yao. Usidhani ni ugonjwa. Ni pesa hiyo.

Na kuna kichekesho kidogo kuhusu anubiasi. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kama Kamerun, Nigeria na Gabon. Lakini ile inayouzwa duniani hukuzwa zaidi kwenye mashamba ya Asia na Ulaya. Mmea wa bara letu unaweza kuzunguka dunia nzima kwa ndege kabla ufike Nairobi, nasi tunaulipia kama mgeni. Fikiria hilo wewe unayetafuta biashara ya kufanya.

Nije kwa TikTok sasa. Yale matangi unayoyaona, zulia la nyasi fupi chini, mawe kama milima, mimea myekundu kama damu, yana historia. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha, ndiye aliyeyafanya yajulikane dunia nzima. Kabla afariki 2015 alitengeneza moja mjini Lisbon lenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Ni kazi ya sanaa, sibishi. Lakini matangi ya mtindo huo yanaendeshwa kwa taa kali, mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi wenye vipimo vyake, mbolea ya kila siku, na mikasi. Video inakuonyesha sekunde 30. Haikuonyeshi bili.

Wewe uko na tangi la lita 40 lililounganishwa na fundi wa vioo wa Gikomba au Kariobangi, na taa moja. Ukinunua nyasi za zulia kwa taa hiyo umenunua mwani. Mimea myekundu nayo itageuka kahawia na kukonda. Si kwamba huna mkono wa mimea. Mmea unaohitaji jua la adhuhuri umeuweka kwenye kivuli.

Anza na ile inayostahimili kivuli. Anubiasi, kangaga la Java, na valisneria, ambayo majani yake ni marefu kama utepe na inasambaa chini kwa chini ikizaa shina baada ya shina. Honwoti nayo haihitaji hata kupandwa, unaiachia ielee tu, na inanyonya uchafu wa samaki kwa kasi. Ina kasoro moja. Ikichukia maji yako inapukutika vijiti vidogo mamia, utavichota kwa chujio la chai hadi uchoke.

Angalia pia ni samaki gani unao. Goldfishi atakula karibu kila jani laini utakalomwekea, na usiku atang'oa lililobaki. Wale samaki wa rangi rangi kutoka Ziwa Malawi wanapenda kuchimba, kwao bustani yako ni eneo la ujenzi. Kwa hao, funga anubiasi kwenye jiwe zito na uache mengine.

Taa, saa sita hadi nane kwa siku zinatosha. Wengi huwasha kutoka asubuhi hadi wanapolala wakifikiri wanausaidia mmea. Wanausaidia mwani, na wanamaliza tokeni. Usiweke tangi dirishani pia ukitaka kuokoa stima, jua la moja kwa moja litakupa supu ya kijani kwa wiki moja.

Kuhusu udongo, kuna njia ya watu wasio na chapaa na mimi ndiyo niliyoifuata mara ya pili. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad alichapisha kitabu kiitwacho Ecology of the Planted Aquarium, akieleza jinsi ya kutumia udongo wa kawaida chini, kisha changarawe juu yake, mimea mingi tangu siku ya kwanza na samaki wachache. Udongo unailisha mimea, mimea inasafisha maji. Changarawe iwe kama sentimita mbili na nusu, isizidi sana, la sivyo udongo chini unakosa hewa na kuoza. Udongo wenyewe usiwe na mbolea. Hapo ndipo Wakenya tunaharibu.

Nimeona msee akiweka DAP. Ndiyo, DAP ile ya mahindi, punje tatu tu, alisema. Mwingine CAN. Mbolea hizo zina amonia ndani yake, na amonia kwa samaki ni sumu. Mahindi yanafurahia, gapi anazikwa. Samadi ya mbuzi vilevile, achana nayo. Kama tangi lako lina samaki, mbolea ya kwanza ni kinyesi chao, na kwa mimea ya polepole niliyoitaja hiyo mara nyingi inatosha.

Kuna uongo mmoja ambao wauzaji wanaupenda, na huu ni hatari kuliko drasena. Ati ukiwa na mimea huhitaji pampu ya hewa, kwa sababu mimea inatoa oksijeni. Inatoa, mchana, taa ikiwaka. Usiku mimea inapumua kama wewe na mimi, inavuta oksijeni kutoka kwa maji yale yale samaki wanayovuta. Tangi lililojaa mimea na kujaa samaki, stima ikipotea saa mbili jioni isirudi hadi alfajiri, ni tangi ambalo samaki wake wanaweza kuamka wamegeuza matumbo juu. Ikikupata, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, yachanganyike na hewa. Punguza idadi ya samaki kabla ya kuongeza mimea. Najua hiyo si habari unayotaka kusikia.

Basi ununue wapi? Nina jibu langu na najua wenye maduka hawatalipenda. Nunua kwa mfugaji mwenzako. Mtu ambaye mimea imemzidi, anayepunguza kila mwezi, na ambaye utaiona tangi lake kwa macho. Mmea wake umeshazoea maji ya mfereji wa mtaani, umeshamaliza kuyeyuka, na anajua ulikotoka kwa sababu uko pale mbele yako. Mimi kichipukizi cha valisneria nilikipata kwa Sh50 kutoka kwa jamaa wa Zimmerman, na dukani kilikuwa mara nne ya bei hiyo. Akanipa na mawaidha bure, na chai.

Kuna maduka mazuri, sitawatukana wote. Utayajua. Yana majina kwenye mimea, yanakuambia "hii haitakufaa" na kukuacha uondoke na pesa zako. Ukilipata moja kama hilo, lishike.

Beba mkebe wako wenye kifuniko. Funga mmea kwa gazeti lililoloweshwa, uweke ndani, utafika Kitengela au Juja ukiwa mzima. Haihitaji maji tele, inahitaji isikauke.

Ukifika nyumbani usiutumbukize tangini usiku huo huo. Weka kwa ndoo ya maji yaliyolala siku nzima ili klorini itoke, wiki mbili, mahali penye mwanga, ukibadilisha maji kila siku chache. Mimea iliyotoka shambani au kwenye kitalu huenda ilinyunyiziwa dawa ya wadudu, na kamba wadogo wa tangi hufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa hizo. Geuza kila jani uangalie mayai ya konokono, utelezi kama ute wenye vidoti. Ukimwona konokono mmoja usipige kelele, anakula majani yaliyooza. Wakizidi, jua kwamba wewe ndiye unayelisha kupita kiasi.

Na usinijie na hoja ya kwamba mimea iko bure Ziwa Victoria au kwa mabwawa ya Mwea, uende uchote. Honwoti iko huko kweli. Lakini kichocho nacho kiko huko. Konokono wanaobeba vimelea vyake wanaishi kwenye mimea ya kandokando, na vimelea vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Huwezi kubadilisha ini na kibofu chako na mmea wa Sh100.

Nimefika sehemu ambayo kwangu ndiyo sababu ya kuandika. Mmea ukiingia nyumbani kwako, siku moja utatoka. Utazidi, ama utachoka, ama landlord atapandisha kodi uhame. Utaupeleka wapi?

Februari 2021 kule Marekani mfanyakazi wa duka moja la wanyama aliona kitu kidogo chenye mistari ndani ya bonge la kijani, yale mabonge ya mwani kama mpira yanayouzwa kwa matangi. Kilikuwa kome pundamilia, kiumbe ambacho Marekani imepambana nacho miaka mingi kwa sababu kinaziba mabomba na kuharibu maziwa. Walipoanza kukagua, wakayapata mabonge yenye kome hao katika maduka ya majimbo zaidi ya 20. Watu waliambiwa wayagandishe, wayachemshe au wayaloweke kwenye dawa ya kupausha kabla ya kutupa. Nchi nzima ikihangaika kwa kitu kinachouzwa kama pambo la tangi dogo.

Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kwa mfano. Waulize wavuvi wa Dunga. Magugu maji kwao ni Amerika Kusini, na yalisambaa duniani kwa sababu moja rahisi, yana ua zuri la zambarau. Watu waliyabeba kupamba vidimbwi vyao. Yaliripotiwa upande wetu wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwisho wa muongo huo Ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa kiasi cha mashua kukwama, samaki kukosa hewa na wagonjwa kushindwa kuvushwa. Ililazimu kuachilia wadudu wadogo kutoka huko huko Amerika Kusini ili wayale. Bado yanarudi. Naivasha nayo ilivamiwa na salvinia miaka ya 1960, kisha magugu maji yakafuata. Salvinia, kwa taarifa yako, bado ni kitu ambacho watu wengine duniani huweka kwenye matangi kwa vile majani yake yanaelea vizuri.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa magugu maji mwaka 2016. Hapa kwetu, kuingiza mmea kutoka nje kunahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Kwa hivyo yule anayekuambia ana mizigo ya mimea inayoingia kwa begi la rafiki kutoka Dubai au Guangzhou, haringi na bei nzuri. Amekwepa jicho la pekee lililokuwa likukinge wewe, mkulima na ziwa.

Na mimea yetu ya ziada tunaipeleka wapi? Kwa choo. Kwa mtaro. Kwa Mto Nairobi siku ya usafi. Kwa lile bwawa la estate. Nimesikia mtu akisema aliwaachilia "huru" goldfishi wake na mimea yake katika bwawa la Karura kwa huruma. Huruma hiyo nimeshindwa kuielewa. Kipande cha honwoti chenye urefu wa kidole kinaweza kuwa mmea mzima. Vile vijani vidogo vinavyoelea kama dengu, kimoja tu kikibaki kwenye ndoo, mwezi ujao una zulia.

Mimi hufanya hivi. Nikipunguza, vyenye afya natoa kwa anayevitaka, Sh50 au bure kama ni mwanafunzi. Vinavyobaki navianika kwa karatasi juu ya paa la ploti, kwenye jua, mpaka vikakauke viwe kama majani ya chai. Halafu nampelekea mama wa chumba cha chini mwenye sukuma wiki kwenye magunia matatu kando ya geti. Mara ya kwanza aliniangalia akaniuliza, "Kijana wangu, hii ni bangi gani tena?" Nikamweleza. Siku hizi ndiye hunikumbusha, na mara mojamoja hunipigia hodi na kifungu cha sukuma.

Ile anubiasi iliyopona bado iko, imefungwa kwa jiwe nililookota Ngong. Ina majani 14 sasa. Jumamosi iliyopita nilipita lile duka la mjini, sikununua kitu, nilichungulia tu. Drasena ziko palepale, ndani ya maji, na msichana fulani alikuwa amesimama mbele ya kioo simu mkononi akiuliza bei. Nikamsogelea nikamwambia, "Siz, samahani, muulize jina lake."